Mzee wa Geti Hakutaka Tupishe

Jumapili ya pili ya Novemba, 1962. Asubuhi mvua ilikuja kutoka ziwani, ikanyesha kwa hasira, ikakatika kabla ya saa nne. Baada ya hapo jua likawaka hadi mabati ya jirani yakaanza kulia yenyewe.

Leo nimekwenda Misungwi na nimerudi. Nimemwona Mzee wa Geti. Kwa miaka minne nilikuwa nikisema moyoni kwamba nitaandika habari zake, na kila nikishika kalamu najiuliza, wewe wa darasa la sita, mshona kaptura, utamwandika mtu ukammaliza? Sitammaliza. Nitaandika ninayoyajua, na pale nisipojua nitasema sijui.

Kuzaliwa kwake na ukoo wake naviacha. Hakutuambia, na sisi hatukumwuliza. Tulimkuta akiwa tayari ni Mzee wa Geti, mkagua tiketi pale gatini Mwanza, meli za Bukoba na Musoma zilipokuwa zikipakia watu. Geti lenyewe lilikuwa la chuma, upana wake watu wawili wembamba. Yeye alisimama katikati, koleo la kutobolea tiketi limefungwa kwa kamba kwenye mkanda wake, kofia ya kazi imekaa sawasawa. Hakuwa mrefu. Nasema hivi kwa sababu wengi waliosikia habari zake walidhani alikuwa jitu.

Watu walikuwa na hila nyingi za kupita bila tiketi. Mwingine anajificha uso nyuma ya mkungu wa ndizi. Mwingine anapiga kelele, "Tiketi anayo kaka yangu yule pale mbele!" na pale mbele hakuna kaka. Mwingine analia kabisa, machozi ya kweli. Mzee wa Geti sikumwona akimshika mtu hata mara moja. Alisogea tu nusu hatua, na yule mtu anajikuta kifua kwa kifua na yeye, kama mtu aliyetembea gizani akakutana na ukuta wa nyumba yake mwenyewe.

"Ukishamshika umechelewa," alikuwa akisema. "Mkono ni wa mtu aliyekwisha kupitwa."

Sisi tulikuwa vijana wa Mabatini. Palikuwa na ghala la pamba lililobomolewa, ikabaki sakafu yake ya saruji. Tukasimamisha nguzo mbili za mkaratusi, tukapigilia pete za pipa, na chini ya pete tukafunga vipande vya wavu wa samaki. Mpira wa kweli tulipewa na padri mmoja aliyekuwa anahama. Ndivyo tulivyoanza kucheza mpira wa kikapu, tukiwa hatujui sheria zake zote, na zile tulizojua tukizigombania.

Nahodha wetu alikuwa Kasim, mtoto wa fundi wa majamvi, mrefu na mwenye maneno. Mimi nilikuwa mlinzi. Kazi ya mlinzi ni kumkabili mwenye mpira anapokuja akiudunda, asipenye hadi chini ya pete. Kazi hiyo nilikuwa siiwezi. Kila aliyekuja alinipita. Kasim akanipa jina la Mlango Wazi, na likanishika hadi wateja wangu wakawa wanauliza, "Suruali yangu ameshona nani, Mlango Wazi?"

Mzee wa Geti alikuwa akipita pale jioni akitoka kazini. Wiki nzima alisimama kando ya sakafu akitazama bila neno, akinusa ugoro wake. Siku moja akasema, "Nyie, mbona mnatazama mpira?"

Kasim akajibu, "Shikamoo, Mzee. Sasa tutazame nini, na mchezo wenyewe ni wa mpira?"

"Marahaba. Mpira una miguu?"

"Hauna."

"Basi hauendi popote peke yake. Tazameni kiuno cha anayeudunda. Macho ya mtu yanadanganya, na mikono inadanganya kuliko macho. Kiuno hakijajifunza uongo. Kiuno kikielekea Bukoba, mtu huyo anakwenda Bukoba, hata kama uso unasema Musoma."

Tulicheka. Lakini jioni ile nilitazama kiuno cha Deo, kijana wa Kihaya aliyekuwa mwepesi kuliko sisi wote, na kwa mara ya kwanza nilijua anakokwenda kabla hajaondoka. Alinipita vilevile. Ila nilijua.

Toka hapo akawa wetu. Mfukoni alikuwa na vile viduara vidogo vya karatasi vinavyodondoka tiketi inapotobolewa. Alikuwa anavimwaga sakafuni kuonyesha mahali pa kuweka miguu: hapa wa kulia, hapa wa kushoto, upana wa geti. Upepo wa ziwani ukija unavipeperusha vyote, naye anaulaani upepo kama anamlaani mtu mvivu, kisha anaingiza mkono mfukoni na kumwaga vingine.

Nami nikaja na mabaki ya vitambaa vya dukani, akatufunga mikono nyuma. Alisema mlinzi akinyoosha mkono kuupora mpira, uzito wote unakwenda mbele, miguu inabaki imeduwaa, na mwenye mpira anapita kwenye kwapa lake. Kwa hiyo tukalinda bila mikono, magoti yameinama, tukisogea upande kwa upande kama kaa, bila kuvusha mguu mmoja juu ya mwingine. Akina mama waliokuwa wakitoka sokoni walisimama kututazama.

"Jamani, hawa wameiba nini?" mmoja aliuliza.

"Tumeiba Jumamosi, mama!" Kasim akajibu.

Jibu lile lilikuwa na maana yake. Kule chini karibu na ziwa palikuwa na klabu ya maofisa, ina uwanja wa saruji laini, mistari myeupe na pete za dukani. Mwafrika aliingia mle akiwa amebeba sinia. Lakini miaka ile mambo yalikuwa yameanza kulegea, siasa imepamba moto mjini, na katibu wa klabu akatualika tucheze nao. Tena akasema, sijui kwa utani au kwa kweli, "Mkitufunga, Jumamosi uwanja ni wenu." Sisi tulilishika neno hilo kama kiapo. Tulizitaka zile Jumamosi kuliko nguo mpya.

Mchezo wa kwanza walitufunga vibaya. Hesabu siikumbuki na sitaki kuitunga. Mchezaji wao mkubwa alikuwa Mzungu kijana wa ofisi moja ya serikali, tuliyemwita Bwana Soksi kwa soksi zake ndefu zilizofika magotini. Lazima niwe wa haki: alikuwa mchezaji mzuri, hakutukana mtu, na mchezo ulipokwisha alitupa mkono mmoja mmoja. Lakini alikuwa akiudunda mpira akija moja kwa moja, hana hata hila, na sisi tukifunguka mbele yake kama pazia.

Mzee wa Geti alikuwa nje ya uzio wa waya. Ndani hakuruhusiwa. Tulipotoka akatukusanya barabarani.

"Haya, semeni. Kwa nini?"

"Mzee, yule ana kasi," Kasim alisema.

"Hata punda ana kasi. Fundi, wewe amekupita mara ngapi?"

"Nyingi, Mzee."

"Hakukupita hata mara moja. Ulimpisha."

Akawageukia wenzangu.

"Wote mlimpisha. Tangu mkiwa wadogo mmefundishwa: bwana anakuja, shuka mtaroni. Gari la bwana, shuka mtaroni. Baiskeli ya tarishi wa bwana, shuka mtaroni na kofia mkononi. Sasa mnanunua kadi za chama, mnapiga vigelegele vya Uhuru. Vizuri. Vichwa vyenu vinataka Uhuru, lakini viwiliwili bado vinavua kofia. Mtu akija na kifua mbele, miguu yenu inashuka mtaroni yenyewe, hata kama mtaro haupo."

Maneno yale yaliniingia. Lakini mimi ni mtu wa kupima mara mbili ndipo nikate, na usiku nikayapima. Siku ya pili nikamwambia, "Mzee, mbona Deo naye ananipita, na Deo si bwana wa mtu? Jana nilimkopesha kandambili."

Alifikiri muda mrefu. Akasema, "Basi una magonjwa mawili. Moja la miguu, moja la moyo. Tutatibu yote, maana ukitibu moja tu litarudi na mwenzake."

Hilo nililipenda kwake. Ukimshinda kwa hoja hakukasirika.

Dawa ya miguu nimekwisha kuiandika. Iliyobaki ni hii, kwamba mlinzi peke yake hawezi, hata awe nani. Alisema mwenye mpira anajua anakokwenda, na wewe unangoja kuambiwa. Kwa hiyo daima amekutangulia. Usimzibie pande mbili, utapasuka. Mpe upande unaoutaka wewe, ule ambao mwenzako anangoja. "Mimi mwongo nampeleka kushoto," alisema. "Kushoto kuna ukuta na kuna polisi. Kulia ningemwacha, ningekuwa namkimbiza mpaka Ukerewe." Tena tuwe tunaitana kwa sauti. Mlinzi bubu, alisema, ni nguo iliyoanikwa.

Dawa ya moyo ilikuwa ngumu zaidi. Alitusimamisha katikati ya viduara vyake, kisha anatujia yeye mwenyewe, mzee mzima, kofia kichwani, haraka, kifua mbele, akitukazia macho. Na sisi tukasogea kando! Tungefanyaje? Ni mzee. Mzee akija unampisha. Alikasirika, akarudi, akaja tena. Tukasogea tena.

"Mzee, heshima," Kasim alilalamika.

"Heshima iko mdomoni na moyoni. Haiko miguuni. Simama kwanza, halafu nisalimie."

Hatukuweza. Hata mmoja wetu hakuweza.

Sasa niandike mambo yake yasiyolingana, la sivyo nitakuwa nimeshona upande mmoja. Mzee wa Geti hakujua kucheza. Mpira ukimjia aliukwepa kama mtu anayekwepa kuku mwenye vifaranga. Pete aliiita tundu mpaka mwisho. Alituzuia kunywa maji hata jua likiwa kali, na Deo aliwahi kuanguka kwa sababu hiyo. Hilo lilikuwa kosa na hakulikubali. Sifa alikuwa mchoyo nazo. Ukifanya vizuri alisema, "Umekuwepo," basi.

Na mtu huyo aliyetukataza kupisha, njiani alipisha kuliko sisi wote. Mwanamke mwenye ndoo kichwani, mchukuzi mwenye gunia, mtoto na kuni zake, yeye alishuka barabarani kabisa, tena kwa adabu. Kasim alimwuliza.

"Mwenye mzigo hupishwa," alijibu. "Mzigo wake ndio tiketi yake. Lakini mwenye kiburi peke yake, huyo hana alichobeba. Asimame aulizwe."

Nilidhani hayo ndiyo yote. Halafu siku moja, Ijumaa, nikaenda gatini kumpelekea abiria shati lake. Nikamwona Bwana Soksi anakuja. Kila Ijumaa alikuwa akipanda melini kunywa chai na rafiki yake mmoja wa humo, kisha anashuka kabla meli haijaondoka. Kila asiyesafiri, akitaka kuingia hata kumsindikiza mama yake, alikata tiketi ya kusindikiza. Bwana Soksi hakukata. Alikuja mikono mfukoni, akipiga mluzi. Na Mzee wa Geti, Mzee wetu, akasogea nusu hatua kando. Akavua kofia.

Sikulala vizuri. Kesho yake, mazoezini, nikapitwa na Deo.

"Fundi! Umepisha tena," Mzee alisema mbele ya wote. "Unaogopa nini?"

Na mimi, sijui neno lilitoka wapi, nikasema, "Naogopa ulichoogopa wewe jana, Mzee."

Kasim akaninong'oneza, "Wewe, chunga mdomo. Huyo ni baba yako."

"Mwache," Mzee alisema. "Sema, Fundi."

"Yule wa soksi hakukuonyesha tiketi. Ulisogea. Na kofia ulivua."

Alitoa kikopo chake cha ugoro, akakishika, akakirudisha mfukoni bila kukifungua. "Ni kweli," akasema. "Na si jana tu." Akaondoka. Viduara vyake vikabaki sakafuni mpaka upepo ulipovichukua.

Ijumaa iliyofuata nilikwenda gatini bila shati la mtu yeyote. Nakiri, nilikwenda kutazama. Bwana Soksi akaja na mluzi wake. Mzee wa Geti akasogea nusu hatua, lakini safari hii kuelekea katikati.

"Tiketi ya kusindikiza, bwana."

Bwana Soksi akacheka. Kiswahili alikuwa anakijua. "Mzee, si unanijua mimi?"

"Wewe nakujua, bwana. Tiketi yako ndiyo siijui."

Foleni nzima ikageuka kutazama. Mwanamke mmoja aliyekuwa na mkungu wa ndizi kichwani akasema taratibu, "Yesu na Maria." Bwana Soksi uso ulimwiva mwekundu. Aligusa mfuko huu, akagusa ule. Halafu, na hapa naandika haki yake, aligeuka, akaenda dirishani, akakata tiketi kama watu, akarudi. Mzee akaitoboa. Bwana Soksi akasema, "Ahsante," akapita. Hakuongeza neno, wala sikusikia kwamba alimshitaki.

Lakini mkubwa wa Mzee alikuwa ameyaona yote kutoka dirishani. Jumatatu akamwita, akamwambia amemfedhehesha bwana mbele ya abiria. Kuanzia leo geti si lako, chukua ufagio, ghala ndilo lako. Mzee alimjibu hivi, na waliokuwepo wote wananisimulia maneno yaleyale: "Kufagia ni kazi nzuri, mama yangu alifagia maisha yake yote. Lakini mkinipa kama adhabu, mnaitukana kazi hiyo." Akafungua kamba, akaweka koleo mezani, akatoka.

Watoto wanne alikuwa nao. Niliambiwa baadaye.

Mchezo wa pili ulikuja mwezi uliofuata. Mzee hakuwa amefika mazoezini tangu siku ile niliyofungua mdomo. Kasim hakunilaumu, ila aliacha kuniita Mlango Wazi, na kuacha huko kulikuwa kubaya zaidi. Tukaingia uwanjani. Nikageuka, nikamwona nje ya uzio, mahali palepale, bila kofia ya kazi.

Tulicheza siku ile, sijisifu. Tulitazama viuno. Tuliitana, "Kushoto! Kushoto!" mpaka sauti zikakauka. Dakika ya mwisho mizani ilikuwa sawa kabisa, na mpira ukawa kwa Bwana Soksi. Akaja kwangu, moja kwa moja, kama siku zote.

Miguu yangu ilitaka kushuka mtaroni. Niliisikia. Nikasogea nusu hatua, kuelekea katikati.

Alinigonga kifuani, akaanguka chali. Mimi nilibaki nimesimama. Filimbi haikulia, refa, Mhindi mwenye duka la vioo, alikuwa ameachama. Mpira ukaviringika hadi miguuni kwangu. Nikamwona mtu yuko chini, kiwiko kinatoka damu kidogo.

Nikasema, "Pole, bwana."

Nikainama, nikampa mkono, akainuka. Na kwa mkono wa pili nikaokota mpira wake uliodondoka, nikampa, kama unavyomwokotea mtu yeyote kitu chake.

Akaupokea. Akasema, "Ahsante." Akafunga.

Kasim alikaa chini palepale, akashika kichwa. "Fundi! Fundi! Umempokea mgeni mpaka jikoni!" Filimbi ikalia, tumefungwa kwa kikapu kile kimoja. Jumamosi zimekwenda. Niligeuka kutazama uzio. Nilimwona Mzee wa Geti mgongo tu, anakwenda.

Kwa miaka minne niliubeba mgongo ule. Nilisema, nimemtoa kwenye geti lake kwa ulimi wangu, halafu nikampa Mzungu mpira kwa mkono wangu. Uhuru ulikuja. Uwanja wa klabu ukafunguliwa, siku hizi Jumamosi ni wa yeyote mwenye raba, na wengine hawana raba. Vijana wapya wa Mabatini wanacheza pale. Wanapitwa kama tulivyopitwa sisi, na juzi Kasim aliniambia, "Tungekuwa na yule Mzee!" Ndipo mnunuzi mmoja wa ng'ombe, aliyekuja kushonewa koti, akasema yupo mzee Misungwi, kwenye josho la ng'ombe, asiyemshika ng'ombe wala kumpiga, na ng'ombe hawampiti.

Leo nikapanda basi, nikateremka, nikatembea kwenye matope ya mvua ya asubuhi. Josho lina ujia mwembamba wa magogo pande mbili, ng'ombe wanaingia mmoja mmoja kwenda kuoga dawa ya kupe. Mzee alikuwa mdomoni mwa ujia. Amekonda, ndevu nyeupe. Fahali mmoja alikuja kwa kujiona. Mzee akasogea nusu hatua. Fahali akasimama, akaingia kwa zamu yake.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba." Akanitazama kiuno kwanza, naapa, ndipo akanitazama uso. "Fundi. Umenenepa."

Tulikaa juu ya gogo. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Mwanza, yakapotea yote. Nikamwambia tu, "Mzee, nilikutoa kazini."

Sikutegemea jibu alilonipa. Nilidhani atasema, la, mwanangu, ni mambo ya Mungu. Hakusema.

"Iliniuma," alisema. "Ungenifuata getini ukaniambia tukiwa wawili. Ulinisema mbele ya watoto niliokuwa nawafundisha. Na mwaka ule wanangu walikula vibaya."

"Nisamehe, Mzee."

"Hilo la mdomo nimekusamehe, muda umepita. Lakini la tiketi hukunituma wewe. Ningekuwa naogopa, ningekuchapa kibao nikaendelea kuvua kofia. Nilimwuliza kwa sababu nilitaka kumwuliza. Hata kesho akija hapa na soksi zake nitamwuliza amebeba nini."

Tukacheka kidogo. Nikapata nguvu ya swali la pili. "Siku ile ya mchezo uliondoka. Ulinigeuzia mgongo."

"Nilikuwa nalia," alisema, wazi kabisa, kama anasema alikuwa na mafua. "Miezi yote ile sikumwona mmoja wenu akisimama. Wewe ukasimama. Nilitaka mnione nalia?"

"Lakini nilimpa mpira!"

"Ulimpa." Akafungua kikopo chake cha ugoro. "Nimeliwaza sana hilo, maana hapa kazi ni kuwaza na ng'ombe. Pole haikuwa kosa. Mtu akianguka, hata awe nani, mpe pole, mwinue. Tukiacha hilo tutakuwa kama fahali. Kosa lilikuwa mpira. Pole mpe. Mpira kaa nao."

Nikamwomba aje awafundishe vijana. Akakataa papo hapo. Alisema josho lina zamu zake, tena yeye mpira haujui, anajua geti tu. "Wafundishe wewe. Wewe umeugua magonjwa yote mawili." Sijui kama naweza. Nilimwambia hivyo. Alinijibu kwamba hakuniuliza kama naweza.

Wakati wa kuondoka nilipitia ule ujia, ulikuwa hauna ng'ombe tena. Nikiwa katikati nikamwona anaingia upande wa pili. Anakuja. Haraka, kifua mbele, macho yamenikazia, fimbo mkononi. Ujia ni mwembamba, lakini palikuwa na nafasi ya kujibanza kwenye magogo, na mgongo wangu ulikwisha kuanza kujibanza wenyewe. Ni mzee, ndevu nyeupe, tena nimemkosea.

Nikainamisha magoti. Nikasogea nusu hatua, katikati.

Alikuja mpaka tukawa kifua kwa kifua. Nilisikia harufu ya ugoro na ya dawa ya josho. Hakusukuma. Alisimama pale kitambo, anahema.

"Haya," akasema. "Sasa nisalimie."

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umekuwepo."

Akanipa kikapu cha michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa, zawadi ya nyumbani kwangu, akarudi kwenye ng'ombe wake.

Nilifika Mabatini jua limezama. Mke wangu aliipika ile michembe kwa karanga, na dagaa pembeni, na maziwa ya mgando aliyoleta mama. Nilikuwa nimesimama mlangoni nikiwaonyesha watoto namna ya kukaa na magoti, mke wangu akatoka jikoni na sufuria inatoa moshi, akapiga kelele, "Pisha, baba, moto huo!" Nikapisha. Tukala tukashiba.